Kiti Kinachogeuka Kitanda

Hapa Makongeni, mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli, fundi wa viti vya matatu akibuni mshono mpya Jumatatu, kufikia Ijumaa jirani yake anao pia. Hakuna anayeomba ruhusa. Tunasema ni biashara tu. Kumbe kwenye ndege ni vile vile, ila wao wana mawakili.

Mwaka 2003 Virgin Atlantic ilizindua kiti chake cha daraja la juu: abiria anasimama, mgongo wa kiti unapinduliwa, kinakuwa kitanda bapa. Air New Zealand ilikipenda, ikalipia leseni. Kati ya 2007 na 2012 ndege za Virgin zilikuwa zikitua hapa Nairobi.

Lakini Contour, kampuni iliyoitengenezea Virgin viti hivyo, iliunda vingine vinavyofanana na kuwauzia wengine, Delta ikiwemo. Virgin ikaenda kortini. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikaipa ushindi, nayo ikadai zaidi ya pauni milioni 49. Halafu Ofisi ya Hataza ya Ulaya ikapunguza madai ya hataza yenyewe. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikasema haki iliyofutwa hailipwi fidia.

Kenya nayo ina Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001: ukisajili muundo KIPI, unalindwa miaka 5, na unaweza kuongeza mara mbili. Virgin ilishindwa ikiwa na karatasi mkononi. Fundi wetu hana hata karatasi ya kupunguzwa.