Kinyaturu cha Sepuka katika Mizani ya Vyuo Vikuu: Historia Fupi ya Vigezo vya Kupima Utafiti

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya vigezo vya kupima watafiti na vyuo vikuu tangu mwaka 1964, kwa kurejelea tafiti kuhusu lugha na jamii ya Wanyaturu wa mkoani Singida. Hoja kuu ni kwamba wingi wa vigezo hauleti haki iwapo vigezo hivyo vinachota taarifa katika kisima kimoja.

1.0 Utangulizi

Sepuka ni kata katika Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida. Lugha ya asili ya eneo hilo ni Kinyaturu, kiitwacho pia Kirimi, ambacho katika uainishaji wa Guthrie ni F32. Miongoni mwa kazi za msingi kuhusu lugha na jamii hiyo ni uchambuzi wa fonolojia na mofolojia wa Howard Olson (1964), kitabu cha Harold Schneider kuhusu uchumi wa Wanyaturu wa Wahi (1970), na kile cha Marguerite Jellicoe kuhusu mabadiliko ya kijamii katika eneo la Wahi (1978). Kazi zote tatu zilitoka kama vitabu. Jambo hilo lina uzito wake, kwa kuwa mizani iliyokuja kutawala taaluma ulimwenguni iliundwa kwa ajili ya makala za majarida.

2.0 Kutoka Faharasa hadi Orodha za Ubora

Mwaka 1964, Eugene Garfield alichapisha nchini Marekani faharasa ya marejeleo ya kisayansi. Lengo lake la awali lilikuwa kumsaidia msomaji kutafuta maandiko: nani amemrejelea nani. Mwaka huohuo, taasisi iliyotokana na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 iliunganishwa na Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Kazi kubwa ya taasisi hiyo ilikuwa kusanifisha lugha, kukusanya maandiko na kutunga kamusi. Kwa hiyo, mila mbili za kitaaluma zilikua sambamba: moja ilihesabu marejeleo, nyingine ilijenga nyenzo za lugha.

Chombo cha kutafutia maandiko kiligeuzwa hatua kwa hatua kuwa chombo cha kupimia watu. Mwaka 2003, Chuo Kikuu cha Jiao Tong cha Shanghai kilitoa orodha ya vyuo vikuu vya dunia. Mwaka 2004 ilifuata orodha ya gazeti la Times la elimu ya juu, ambayo nusu ya alama zake ilitokana na maoni ya wanataaluma. Mwaka 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo cha h, kinachounganisha idadi ya machapisho na marejeleo yake, huku mwenyewe akitahadharisha kwamba namba moja haiwezi kueleza sura nzima ya mtafiti.

3.0 Vigezo Vingi, Kisima Kimoja

Orodha ya Shanghai hutumia vigezo sita: wahitimu waliopata tuzo za Nobel na nishani za Fields (asilimia 10), wanataaluma waliopata tuzo hizo (20), watafiti wanaorejelewa sana (20), makala katika Nature na Science (20), makala zilizomo katika faharasa za sayansi na sayansi za jamii (20), na wastani wa mafanikio hayo kwa kila mwanataaluma (10). Kwa idadi, vigezo hivi vinatosha. Hata hivyo, cha sita ni zao la vile vitano, na faharasa ya sanaa na humanitia haikuhesabiwa. Kamusi ya Kinyaturu, hata ikitungwa kwa ustadi wa hali ya juu, haigusi hata kigezo kimoja.

Athari yake ni ya moja kwa moja. Mhadhiri kijana anayekaa Sepuka miezi kadhaa akirekodi toni za vitenzi kutoka kwa wazee atarudi na data isiyopatikana popote pengine, lakini katika mizani hii ataonekana mikono mitupu. Mwenzake aliyeandika makala nne kwa data ya wengine atapanda cheo. Wazee nao hawasubiri.

4.0 Kuelekea Mizani ya Haki

Azimio la San Francisco (2012) lilikataa kumpima mtafiti kwa hadhi ya jarida. Ilani ya Leiden (2015) ilitaka utafiti wenye manufaa ya mahali ulindwe, na taasisi ipimwe kwa malengo yake yenyewe. Mfano wa karibu ni Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009. Kazi kama hiyo yafaa ipimwe kwa upana wa data, uhakika wa mbinu, na matumizi yake kwa wasomi na wazungumzaji.

Hili halina maana ya kulegeza viwango. Tathmini ya wenzi pekee huweza kuingiwa na upendeleo, nayo idadi husaidia kuufichua. Kinachohitajika ni vigezo vyenye vyanzo tofauti, vionyeshwe kimoja kimoja bila kujumlishwa kuwa namba moja, na uzani wake utangazwe kabla ya upimaji. Wataalamu wa Kiswahili nao wanawajibika: anayelalamika kuwa jarida la Kiswahili linapuuzwa ulimwenguni hana budi kujiuliza Kinyaturu kinapewa uzani gani katika idara yake.

5.0 Hitimisho

Historia inaonesha kwamba kila kipimo kilizaliwa kwa kazi mahususi, kisha kikapewa kazi nyingine. Chuo kikuu kinachotaka kupima kwa haki kianze kwa kuuliza kazi yake ni ipi. Na iwapo mojawapo ni kuhifadhi maarifa ya jamii zinazokizunguka, safari ya Sepuka lazima iwe na alama zake.