Mgeni Asiyealikwa, Kamera Mkononi

Agosti 1928, wakubwa wa dunia walikutana Paris kutia saini mkataba wa kupiga marufuku vita, ule wa Kellogg na Briand. Kiti cha mjumbe wa Poland kilikuwa kitupu. Erich Salomon, mwanasheria wa Berlin aliyevalia kama balozi, akakikalia na kupiga picha zake.

Alizaliwa 1886 katika familia tajiri ya Kiyahudi, akasoma sheria hadi udaktari, kisha mfumuko wa bei uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia ukaukomba utajiri wa nyumbani kwao. Alipoishika kamera kwa dhati, umri ulikuwa umeshavuka miaka 40.

Kamera yenyewe ilikuwa Ermanox, ndogo, yenye lenzi iliyotosheka na mwanga wa taa za ukumbini. Wapigapicha wengine walikuwa bado wanalipua unga wa magnesi; moshi unatanda, wakubwa wamekwisha kukaza nyuso. Hata hivyo Ermanox haikuwa mteremko, maana ilipokea bamba moja tu la kioo kwa kila picha. Kilichomfikisha mbali hasa ni adabu: suti ya jioni, lugha kadhaa, na subira ya kujua ni lini waziri atapiga mwayo.

Mahakamani, palipokatazwa picha, aliificha kamera ndani ya kofia aliyoitoboa tundu. Marekani, katika miaka ya 1930, alijifunga mkono kana kwamba umevunjika, akaingia na kamera Mahakama Kuu. Lakini picha inayozizidi zote hizo kwa ujanja ni ya The Hague, Januari 1930. Mkutano wa fidia za vita ulikesha, naye akakesha nao, akawanasa mawaziri wamelegea vitini kwa usingizi. Wasomaji waliozoea viongozi wanaosimama kama sanamu waliona wazee waliochoka.

Mwaka 1931 Aristide Briand, yule wa mkataba wa 1928, alimbaini katika karamu ya Paris, akamnyooshea kidole huku akicheka. Salomon hakukimbia, alibonyeza.

Wanazi walipotwaa madaraka 1933, alihamia Uholanzi, kwao mkewe. Vita vikamfuata huko. Alikufa katika kambi ya Wanazi ya Auschwitz Julai 1944. Mkewe na mwanawe mdogo nao waliuawa. Mwanawe mkubwa, aliyenusurika London na kujiita Peter Hunter, alizikusanya picha baada ya vita. Baadhi ya mabamba yalikuwa yamefichwa katika maktaba ya bunge la Uholanzi. Siku hizi mkusanyiko huo uko Berlin, katika makumbusho ya Berlinische Galerie.