Kazi Kwanza, Kitabu Baadaye

Mwaka wa pili nilikwenda fildi wiki nane katika ofisi moja ya maji. Kazi yangu? Kupanga mafaili ya wateja na kujua nani hanywi chai ya sukari. Niliporudi chuoni nilikuwa nimesahau hata madesa yangu, nikapata sapu ya takwimu. Nikailaumu fildi. Baba mdogo akacheka: "Wiki nane tu? Sisi tulifanya kazi kwanza ndipo tukaruhusiwa kusoma!"

Nikachimba historia. Kumbe ugomvi wa kazi na kitabu ni wa zamani. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wapatao 400 waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, pamoja na kukatwa asilimia 60 ya mshahara. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao, na mshahara wake mwenyewe akaukata asilimia 20.

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma ikaamua zaidi: anayemaliza kidato cha 6 asiende Mlimani moja kwa moja. Apite JKT, afanye kazi, kisha kazini na chamani wamshuhudie tabia. Nia ilikuwa njema, msomi asiwe kupe. Lakini hesabu ni kisu, kikikaa hushika kutu. Na kwa wasichana miaka ile ya kusubiri ndiyo ya posa na uzazi. Idadi yao chuoni ikapungua, hata mwaka 1976 wakaondolewa sharti la kazi.

"Hesabu zilinitoka kweli," baba mdogo alikiri. "Nilizirudia usiku kwa koroboi. Ila nilikuwa karani wa pamba, nikaingia chuo na swali: kwa nini kilo za shambani hazilingani na kilo za ghalani? Swali hilo lilinibeba miaka yote mitatu."

Nikanyamaza. Mimi ofisini sikuuliza kitu, na ripoti yangu ya kurasa 20 ilirudi na tiki moja tu. Hakuna mwalimu aliyeniuliza niliona nini.

Jamani, mafaili yale yalijaa tarehe na ankara: nani kalipa, nani kachelewa, kwa siku ngapi. Takwimu tupu! Nilizishika kwa mikono yangu wiki nane, nikazipanga kwa alfabeti.

Sapu ni Jumatatu. Wewe unayekwenda fildi mwezi ujao, unabeba swali gani?