"Si Ni Plastiki Tu": Hicho Kiti cha Balkoni Kina Stori

Wikendi iliyopita nilienda kando ya barabara kununua kiti cha kusukwa, vile vya plastiki ya kahawia ambavyo siku hizi kila mtu anaweka kwa balkoni. Fundi akanitajia bei, nami nikaanza kuiteremsha vile tumezoea. Buda, si ni plastiki tu, na mashine ndiyo inasuka? Akacheka, akanivutia kiti ambacho hakijaisha. Fremu tupu, nusu imesukwa, nyuzi zinaning'inia. Mashine hakuna. Niliona aibu, nikaenda kusoma.

Kumbe kuna mtu alishajaribu kumtoa fundi kwa hii kazi. Marshall Burns Lloyd, Mmarekani, alikuwa na kiwanda cha vigari vya watoto mjini Menominee, Michigan. Vilisukwa kwa mkono. Inasimuliwa kwamba wasukaji walidai nyongeza ya mshahara, yeye akaona afadhali atafute njia ya kuwaruka. Mwaka 1917 akaipata. Aliacha henzirani, ule mmea wa kutambaa wa misitu ya Asia, akasokota karatasi ngumu ikawa uzi. Nyuzi za kusimama akazitia waya ndani.

Lakini ujanja wenyewe haukuwa karatasi. Zamani fundi alisuka moja kwa moja juu ya fremu, kila kona anaizungusha kwa vidole. Lloyd alisuka kitambaa kizima kwanza kwenye mashine, kikiwa bapa, halafu akakivalisha fremu kama fundi cherehani anavyofanya. Mashine hiyo ikasifiwa kuwa inafanya kazi ya watu 30. Viti vikasambaa hadi Uingereza, ambako familia ya Lusty ilivitengeneza London mpaka kiwanda kikapigwa bomu mwaka 1940.

Shida ni mvua. Karatasi ikiloa kila siku inalegea, na henzirani yenyewe ikikaa juani inapauka na kupasuka. Kwa hivyo viti vya "nje" vilikuwa vya veranda tu, na mawingu yakikusanyika mnakimbia kuviingiza ndani.

Sasa ingia Bobby Dekeyser. Huyu alikuwa golikipa, hata Bayern Munich alipitia. Shule aliiacha akiwa na miaka 15 (mimi angalau nilifika chuo, msiniangalie hivyo). Mwaka 1990 aliumia, akaacha mpira, akaanzisha kampuni ya Dedon huko Ujerumani. Walitengeneza uzi wa plastiki ya polithini wenye rangi mpaka ndani, unaovumilia jua na mvua. Halafu uzi ukasafirishwa hadi Cebu, Ufilipino, kwa sababu huko watu walikuwa wameshazoea kusuka henzirani.

Hapo ndipo nilishtuka. Uzi unatoka kiwandani, sawa, lakini kusuka kukarudi kwa mikono. Mashine ya Lloyd inajua kitambaa bapa. Mbunifu akichora kiti cha duara kama kiota, kila mkunjo lazima vidole vya mtu viutatue, na vivute kwa nguvu ileile kuanzia mguuni hadi kichwani. Kwenye katalogi utaona jina la mbunifu na la kampuni. La msukaji huoni. Na sisi huku mtaani tunamalizia kwa kumwambia "si ni plastiki tu".

Ukienda kununua, pindua kiti uangalie chini, pale ncha za nyuzi zimefichwa. Uliza pia fremu ni ya nini. Alumini haishiki kutu. Chuma kisichopakwa rangi vizuri huanza kuoza chini ya usukaji, mahali maji yanajificha, na wewe unakuja kujua siku unaanguka.

Jumatatu nilirudi. Kile kiti kilikuwa kimeshauzwa. Nikaagiza kingine kwa bei yake ya kwanza, akaniambia nikichukue Alhamisi.