Ua la Usambara na Majina Yake

Katika vivuli vya misitu ya Usambara, na juu ya majabali yaliyo karibu na Tanga, laota ua dogo la rangi ya urujuani. Majani yake yana malaika kama ya mtoto mchanga. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga zamani za Wadachi, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen, naye mwaka 1893 akaliita Saintpaulia ionantha.

Asikiaye jina hilo aweza kudhani ni la Mtume Paulo. Sivyo; ni la ukoo wa bwana yule. Neno la pili latoka Kiyunani, maana yake "lenye maua kama urujuani". Hata mwaka 2015 wataalamu, walipokwisha kuchunguza nasaba yake, wakalitia katika jamii ya Streptocarpus, yaani "tunda lililosokotwa".

Basi, kubadilishwa jina hakukulidhuru ua. Lidhurulo ni shoka na moto. Mti wa kivuli ukianguka, jabali hukauka, na ua hufa. Leo lapambwa madirishani Ulaya na Marekani, na huku kwao lapungua.

Mwaka 1997 msitu wa Amani ulifanywa hifadhi. Lakini hifadhi bila watu wenye kuipenda ni mpaka mtupu. Ninyi walimu, waonyesheni watoto ua hili mahali pake, wala wasiling'oe. Tukiutunza mti, tumelitunza na ua.