Objektifu pana kwa aparei ya teknike: tazama duara mbele ya milimita

Kila mtu aliyepiga foto ya kanisa akiwa chini karibu na mlango anajua matokeo. Ili mnara uingie, analazimika kuinua aparei, na kwenye picha kuta zinakaribiana kule juu, jengo linaonekana kama linaanguka nyuma. Kwa foto ya arusi si neno. Lakini kwa architekte, kwa mtu anayetengeneza dosie ya kurekebisha jengo la zamani, au kwa yule anayetaka kubaki na ushahidi wa nyumba mbele haijabomolewa, foto ya namna hiyo haisaidii sana. Huwezi kupima dirisha ambalo limelala.

Aparei ya teknike ilitengenezwa kwa ajili ya shida hiyo. Aparei yenyewe inabaki wima, sawasawa na ukuta, halafu objektifu peke yake inapandishwa milimita kadhaa. Picha nayo inapanda, kuta zinabaki zimenyooka. Linhof ya Ujerumani, Cambo ya Uholanzi na Alpa ya Uswisi ni kati ya nyumba zinazojulikana kwa kazi hii. Aina ya format ya kati inatumia filmu ya 120, ile ya kuviringisha, au sensa kubwa ya numeriki. Bei yake iko kali, hata ya mtumba. Ndiyo maana kosa la kuchagua objektifu linauma: mtu anatoa dola nyingi, anangoja koli miezi, na siku ya kwanza anaona pembe za picha ni nyeusi.

Kosa hilo karibu kila mara linatoka fasi moja. Mnunuzi anauliza milimita tu. Anaambiwa 47 ni pana kuliko 65, basi anachukua 47.

Tuanze na hizo milimita, maana nazo ziko na kazi yake. Picha ya 6x9 kwenye filmu ya 120 kwa kweli inapima karibu milimita 56 kwa 84, na kutoka pembe moja hadi pembe ya kuvuka ni kama 101. Kwenye format hiyo, fokali ya 47 inaona sawa na 20 kwenye aparei ndogo ya filmu ya 35. Ile ya 65 ni sawa na 28. Ya 90 ni kama 38. Ndani ya nyumba tofauti inaonekana haraka. Ukisimama mita 4 mbele ya ukuta, 90 inachukua upana wa mita 3 na nusu na kidogo, 65 inachukua mita 5, na 47 inachukua mita 7.

Lakini objektifu haitupi picha ya mraba. Inatupa duara la mwanga, na filmu inakaa ndani ya duara hilo. Kwenye aparei ya kawaida duara linatosha kufunika filmu tu, basi. Kwenye aparei ya teknike lazima libaki na fasi ya ziada, sababu objektifu inapopanda, duara nalo linapanda, na filmu inaweza kutoka nje yake. Hapo ndipo pembe zinakuwa nyeusi.

Hesabu yake si ngumu. Schneider Super-Angulon ya zamani, 47 yenye diafragma ya 5.6, iko na duara la milimita 123. Filmu ya 6x9 ikilala kwa upana, objektifu hiyo inaweza kupanda milimita 17 hivi, kisha imekwisha. Dada yake, 47 XL, iko na duara la 166, na inaweza kupanda zaidi ya 43. Fokali ni ileile, lakini ni vyombo viwili tofauti kabisa, na kwenye tangazo la mtumba herufi hizo mbili, XL, mara nyingine muuzaji anazisahau.

Sasa tuweke kanisa mbele, umbali wa mita 20, aparei ikiwa mita moja na nusu kutoka chini. Ile 47 ya zamani, ikipandishwa mpaka mwisho, inafika kwenye mita 20 na nusu za mnara. Super-Angulon ya 65, ambayo watu wanaiona kuwa nyembamba, iko na duara la 170. Ikipandishwa mpaka mwisho inafika mita 24. Kumbe ile isiyo pana sana ndiyo inafikia msalaba.

Kuko hata namba ya tatu, nayo ni mwili wa aparei. Ikiwa mwili unasimama kwenye milimita 30, ile 65 itafika mita 19 tu, na duara kubwa lililolipiwa linabaki bila kazi. Tena sufleti ya kawaida, ile ya mikunjo, ikibanwa kwa fokali fupi inakataa kusogea. Inahitajika sufleti laini kama mfuko. Mtu anayenunua objektifu ya 47 bila kuuliza juu ya sufleti amenunua nusu ya kitu.

Duara la objektifu za zamani linaandikwa kwa diafragma ya 22. Mtu anayepiga kwa 11 asitegemee namba yote: ukali wa picha pembezoni utakwisha mapema.

Jambo lingine ambalo linasumbua ni giza la pembeni. Mwanga unaoingia kwa mshazari unafika ukiwa umechoka. Kwa hesabu ya kawaida ya optiki, kwenye nyuzi 45 kutoka katikati unabaki robo tu. Mrusi Mikhail Rusinov, katika miaka ya 1940, alionyesha namna ya kutengeneza objektifu pana ambayo inapunguza hasara hiyo. Kazi yake ilikuwa ramani za kupigwa kutoka ndege, ambako pembe nyeusi ni hatari. Objektifu za leo zimefuata njia hiyo, ila giza halijaisha. Dawa ni filtri ya katikati: kioo chenye giza katikati na cheupe pembeni. Inasawazisha, lakini inakula mwanga. Ule wa 47 XL unaomba muda wa kupiga mara tatu au nne zaidi. Kwa filmu ya rangi na fokali ya 47, ihesabiwe kwenye bei tangu mwanzo. Kwa 65 bila kupandisha sana wengi wanaiacha, na kwa nyeusi-nyeupe giza hilo linaweza kurekebishwa wakati wa kuchapa.

Wenye sensa ya numeriki wako na hesabu tofauti. Objektifu za filmu zinakaa karibu sana na sensa, na mwanga wa mshazari unaleta rangi ya ajabu, upande mmoja waridi, upande mwingine kijani. Wanaitengeneza kwa kupiga foto ya pili na plastiki nyeupe mbele ya objektifu, halafu programu inatoa ile rangi. Sensa mpya, kama ya Phase One IQ4 ya megapikseli 150 iliyotoka 2018, zimepunguza tatizo. Rodenstock nayo ilitengeneza ukoo wa HR Digaron, ambao unakaa mbali zaidi na sensa. Ni mizito, ni ya bei, na duara lake si kubwa: Digaron-W ya 32 na ya 40 ziko na 90. Kwenye sensa ya 53.4 kwa 40 hiyo inaruhusu kupanda milimita 16, na inatosha kwa kazi nyingi. Digaron-S ya 23 iko na duara la 70 tu. Inapanda milimita mbili na nusu. Kwa chumba kidogo ni nzuri ajabu. Kwa mnara, bora kuokoa pesa.

Hata duara likiruhusu, kupandisha mpaka mwisho si uzuri. Kule juu vitu vinavutika, saa ya mnara inakuwa kama yai, na jicho linaona jengo limefunguka juu hata kama kuta zimenyooka. Wajerumani Bernd na Hilla Becher, waliopiga matangi ya maji na mitambo ya migodi kwa miaka mingi, walipenda kupanda juu ili aparei iwe karibu na usawa wa kati wa jengo. Bukavu, mji wa vilima, ngazi hiyo ni bure: balkoni ya nyumba ya ng'ambo inaweza kufanya kazi ya objektifu ya dola elfu.

Kwa mtu wa 6x9 anayeanza, 65 yenye duara la 170 ndiyo ya kwanza. Rodenstock Grandagon-N ya 65 iko na duara hilohilo. Ile 47 ije baadaye, kwa vyumba, na iwe XL. Kwenye mtumba, mwangaza wa tochi upitishwe ndani kutafuta ukungu wa utando, ambao unapenda unyevu wa kandokando ya ziwa. Vidoa vyeupe kwenye ukingo wa ndani wa Schneider ni rangi inayobanduka, mara nyingi haviharibu picha, na vinasaidia kushusha bei. Shata ya Copal ijaribiwe kwenye sekunde nzima, maana hazitengenezwi tena.

Na mbele ya kutuma pesa, kuko jaribio la bure. Katoni ikatwe dirisha la milimita 168 kwa 112, ambayo ni mara mbili ya filmu. Ishikwe wima, sentimita 13 kutoka kwenye jicho moja: hiyo ni 65. Sentimita 9 na nusu: hiyo ni 47. Katoni ipandishwe polepole bila kuinamisha, mpaka msalaba wa kanisa uingie, halafu mtu apime imepanda milimita ngapi na agawanye kwa mbili. Namba hiyo ndiyo ya kumwandikia muuzaji.