Kidole, Swichi na Saketi: Historia ya Modi za Ufyatuaji katika Bunduki za Rangi

Bunduki ya rangi ni chombo kinachotumia gesi iliyoshindiliwa kurusha kidonge cha jelatini kilichojazwa rangi, nacho kidonge hicho hupasuka kinapompiga mchezaji na kumwachia doa linalomtoa mchezoni. Wachezaji wa peintiboli, kama mchezo huo unavyojulikana, huepuka kuiita bunduki na hupendelea jina lenye maana ya chombo cha kutia alama, na upendeleo huo una msingi wa kihistoria, kwa kuwa chombo chenyewe hakikubuniwa kwa ajili ya mchezo wala vita. Bunduki za rangi za mashindano ya siku hizi huendeshwa kwa betri na saketi, na katika saketi hiyo hupangwa modi za ufyatuaji, yaani kanuni zinazoamua vidonge vingapi vitoke, na kwa kasi gani, mchezaji anapovuta kifyatulio, ambacho mafundi wengi hukiita triga. Majina ya modi hizo humkanganya anayekutana nazo kwa mara ya kwanza, kwa sababu baadhi yake hueleza kazi ilhali mengine ni majina ya ligi. Hayaeleweki vizuri pasipo kufuatilia mgogoro uliozizaa modi zenyewe, nao ulihusu swali moja: je, anayefyatua ni kidole cha mchezaji au ni mashine?

Asili ya chombo hicho ni misitu ya kaskazini mwa Marekani. Kampuni ya rangi ya Nelson, ya jimbo la Michigan, ilikuwa ikiwauzia mabwana misitu rangi ya kutia alama miti ya kukatwa au ya kuachwa, na ilitafuta njia ya kuufikia mti ulio ng'ambo ya kijito au kichaka bila kumlazimu mtu kuuendea. Vidonge vilitokana na ufundi wa kiwanda cha dawa, kwani mashine za kutengeneza vidonge laini vya jelatini zilikuwa zimebuniwa na Robert Scherer huko Detroit katika miaka ya 1930. Bunduki yenyewe, iliyobuniwa na James Hale na kuundwa na kampuni ya Daisy, iliuzwa kwa jina la Nel-Spot 007 katika miaka ya 1970, ikitumia kichupa cha gramu 12 za gesi ya kaboni dayoksaidi. Baada ya kila pigo mtumiaji alipaswa kuvuta komeo kwa mkono ili kuingiza kidonge kingine, na hilo halikuwa kasoro, maana mti haukimbii.

Tarehe 27 Juni 1981, karibu na mji wa Henniker katika jimbo la New Hampshire, wanaume 12 waliingia msituni na bunduki hizo katika shindano lililoandaliwa na mwandishi Charles Gaines pamoja na rafiki zake Hayes Noel na Bob Gurnsey, ambao walikuwa wamebishana kwa muda mrefu kama mtu wa mjini anaweza kumudu maisha ya msituni sawa na mtu aliyekulia humo. Kila mshiriki alipaswa kukusanya bendera kutoka vituo mbalimbali bila kupigwa. Mshindi, bwana misitu aitwaye Ritchie White, alizikusanya zote bila kufyatua hata mara moja. Hivyo mchezo ulianza katika hali ambayo kasi ya ufyatuaji haikuwa na uzito wowote, na suala la modi halikuwapo kabisa, kwa vile kila pigo lilidai tendo kamili la mkono.

Katika mwongo uliofuata mashine ilichukua kazi ya mkono hatua kwa hatua. Kwanza ilikuja pampu, iliyomruhusu mchezaji kukoki bunduki kwa mvuto mmoja wa mkono wa kushoto. Karibu na mwaka 1990 zikafuata bunduki za nusu otomatiki, yaani zile zinazojikoki zenyewe baada ya kila pigo, zikimwachia mchezaji kazi ya kuvuta kifyatulio tu. Mojawapo kati ya mashuhuri, Autococker, ilidhihirisha mabadiliko hayo kwa umbo lake, kwa sababu ilikuwa kwa kweli bunduki ya pampu iliyofungiwa mbele pistoni ndogo ya gesi iliyosukuma na kuvuta mahali pa mkono. Otomatiki kamili, ambayo huendelea kurusha vidonge muda wote kifyatulio kinapobanwa, nayo ilikuwapo kabla ya umeme: familia ya Tippmann ya Fort Wayne, Indiana, iliyokuwa ikiunda bunduki ndogo za mfano wa bombomu hadi sheria ya Marekani ya mwaka 1986 ilipofunga soko la raia kwa bombomu mpya, iligeukia peintiboli na kutoa SMG-60 mwaka 1987. Hata hivyo, katika bunduki hizo zote modi ilikuwa sehemu ya chuma chenyewe, na aliyetaka kuibadili alilazimika kubadili vipuri.

Umeme ulivunja uhusiano huo. Katikati na mwishoni mwa miaka ya 1990 bunduki kama Shocker ya kampuni ya Smart Parts nchini Marekani na Angel ya kampuni ya WDP nchini Uingereza zilitenganisha kifyatulio na vali ya gesi. Kidole sasa kiligusa swichi ndogo, swichi ikapeleka ishara kwenye saketi, na saketi ikaamuru solenoidi, yaani vali inayofunguliwa kwa sumaku ya umeme, iruhusu gesi kupita kwa milisekunde chache. Kifyatulio hakikuhitaji tena nguvu, bali kiliweza kusogea kwa umbali usiozidi milimita moja au mbili, na wachezaji wakajifunza kukipiga kwa vidole viwili kwa zamu, cha shahada na cha kati, mithili ya mpiga kinanda. Jicho la miali ya infraredi liliwekwa kwenye chemba ili saketi isifyatue kabla kidonge hakijakaa sawasawa, na vyombo vya kulishia vidonge, ambavyo awali vilitegemea uzito wa vidonge vyenyewe, vikapewa mota ili viende sambamba na kasi hiyo mpya.

Hapo ndipo tatizo lisilotarajiwa lilipojitokeza, nalo lilitokana na tabia ya chuma. Ulimi wa swichi unapokutana na mguso wake haukai palepale, bali hudunda mara kadhaa ndani ya milisekunde chache kabla ya kutulia, na ingawa kidole hakihisi lolote, saketi inayoikagua swichi mara nyingi mno katika kila sekunde inaweza kuhesabu midundo hiyo kuwa mivuto kadhaa. Mdundo mwingine hutoka nje ya swichi, pale mtikiso wa pigo moja unapoirudisha bunduki kwenye kidole kilicholegea na kukigusisha kifyatulio tena. Mafundi walitunga kipimo cha kuchuja midundo, ambacho ni muda unaopaswa kupita swichi ikiwa imetulia kabla saketi haijakubali kwamba kumetokea mvuto halali. Kipimo kikiwa kirefu mno, mivuto ya kweli hupotea, na kikiwa kifupi mno, bunduki iliyopangwa kuwa ya nusu otomatiki hurusha vidonge vitatu kwa mivuto miwili bila mwenyewe kukusudia udanganyifu.

Udanganyifu wa kukusudia haukuchelewa. Programu ya saketi iliweza kuandikwa ili, mchezaji anapofikia kasi fulani ya mivuto, bunduki iongeze vidonge visivyovutwa, na huo ndio upandishaji wa kasi, modi iliyozua ugomvi kuliko nyingine zote. Modi hiyo ilifichika kwa urahisi, kwa kuwa mwamuzi aliyeijaribu bunduki polepole pembeni mwa uwanja aliikuta ni ya nusu otomatiki. Hata alipoisikia ikirusha vidonge kuliko vidole vilivyoweza kuvuta, mchezaji aliweza kujitetea kwamba ni mdundo wa swichi, na utetezi huo ulikuwa mgumu kukanushwa, kwa sababu mara nyingine ulikuwa wa kweli.

Ligi zilijibu kwa njia mbili zilizopingana. Ligi ya NPPL ilishikilia nusu otomatiki bila kikomo cha kasi, kwa imani kwamba ustadi wa vidole ni sehemu ya mchezo, na hivyo ikajitwisha kazi ya kuthibitisha kila mara kwamba kila kidonge kilikuwa na mvuto wake. Ligi ya PSP ilichukua mkondo mwingine katikati ya miaka ya 2000: iliuhalalisha upandishaji wa kasi kwa wote, lakini ikaweka kikomo cha vidonge 15 kwa sekunde, ambacho mwamuzi aliweza kukipima kwa kifaa kinachohesabu milio. Katika modi iliyobeba jina la ligi hiyo, mapigo 3 ya kwanza ni ya nusu otomatiki, kisha saketi hupandisha kasi hadi kikomo maadamu mchezaji anaendelea kuvuta, na akisita kwa kiasi cha sekunde moja hesabu huanza upya. Mashindano ya Millennium ya Ulaya yalikuwa na kanuni yake ya aina hiyohiyo, na ligi ya NXL ikatumia otomatiki kamili yenye kikomo. Ndiyo maana mtumiaji wa leo hukuta katika orodha ya modi majina ya ligi yakiwa kando ya nusu otomatiki, otomatiki kamili na mfululizo mfupi, ambao hutoa idadi maalumu ya vidonge, aghalabu 3, kwa mvuto mmoja.

Kikomo kilichowekwa hakikubaki palepale, na sababu yake ilikuwa hesabu ya kawaida ya fedha. Chombo cha kulishia chenye vidonge 200 humalizika kwa takriban sekunde 13 kikifyatuliwa kwa kasi ya 15, na sanduku la kawaida la vidonge 2,000 haliwezi kukidhi hata dakika mbili na nusu za ufyatuaji mfululizo. Timu zisizo na wafadhili zilishindwa kumudu gharama hiyo, na wachezaji wapya waliokutana na mvua ya vidonge katika siku yao ya kwanza hawakuwa na hamu ya kurudi. Kikomo kikashushwa kwa awamu, kupitia vidonge 12.5 kwa sekunde, hadi kufikia 10 na kidogo. Kasi ya kidonge chenyewe, ambayo ni jambo tofauti na kasi ya ufyatuaji, ilikuwa imekwisha kudhibitiwa tangu zamani kwa kikomo cha usalama cha futi 300 kwa sekunde, sawa na mita 91 hivi, na viwanja vingi hupendelea kiwango cha chini ya hapo.

Pamoja na kikomo ilikuja kufuli ya mashindano, kitufe au kiunganishi kidogo kilichofichwa kwenye saketi ndani ya kishikio, ambacho kikifungwa mipangilio haibadiliki mpaka kishikio kifunguliwe kwa kifaa. Katika bunduki nyingi, mwenye kutaka kubadili modi hulazimika kuifungua kufuli hiyo kwanza, kisha huiwasha bunduki huku amebana kifyatulio mpaka taa ndogo ibadilike rangi, kila rangi ikiwakilisha mpangilio mmoja, na huingiza tarakimu kwa kuvuta kifyatulio mara kadhaa. Kifyatulio kilekile kilicholeta ubishi ndicho kinachotumika kuandikia kanuni.

Historia hii inaonyesha kwamba waamuzi hawakupata kamwe njia ya uhakika ya kutenganisha kazi ya kidole na kazi ya mashine, na kwamba suluhisho lilipatikana pale walipoacha kulitafuta jibu la swali hilo na kuanza kupima kinachotoka mtutuni. Kwa hiyo, anayepanga bunduki yake kabla ya mchezo hana budi kuuliza kwanza kanuni ya uwanja anaouendea ni ipi, kisha achague modi inayolingana nayo, arekebishe kichujio cha midundo na kuifunga kufuli. Modi iliyo halali katika uwanja mmoja ni wizi katika uwanja mwingine, hata kama bunduki ni ileile.